Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani: Nyumba ya Mungu Ipangiwe Upya Kazi Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,

Nawaandikia kuhusu Bwawa la Nyumba ya Mungu, na naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi. Wavuvi wa Lang'ata wana haki ya kulisikia, na wafugaji wa upande wa Simanjiro, na wakulima wa mpunga wa Chekereni, na familia za Mwanga na Same zinazokinga maji bombani, na watu wa Pangani mjini ambako mto huu unaingia baharini. Wenzetu wa TANESCO wanaoendesha mitambo pale kwenye tuta nao naomba waisome, maana bila wao hakuna litakalotekelezwa.

Ombi langu nalitanguliza. Bwawa liwekewe kina cha chini kinachojulikana na kila mtu, ambacho maji hayatashushwa chini yake kwa ajili ya kufua umeme isipokuwa kwa dharura iliyotangazwa. Na kipimo cha maji kiandikwe ubaoni kila wiki katika kila mwalo, pamoja na kiasi kilichofunguliwa kwenda chini. Hayo mawili tu.

Tuta lile la udongo na mawe lilikamilika mwaka 1965, chini kidogo ya mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Kikuletwa inakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro. Ruvu inatoka Ziwa Jipe, mpakani na Kenya. Kuanzia hapo ndipo mto unapoitwa Pangani, ukashuka kupita Korogwe hadi Bahari ya Hindi. Mwaka 1968 mitambo ya umeme ya megawati 8 ilianza kazi kwenye tuta lenyewe. Lakini tangu mwanzo thamani kubwa ya bwawa kwa umeme ilikuwa chini zaidi mtoni: kuweka akiba ya masika ili kituo cha Hale, chenye megawati 21 tangu 1964, kisikwame wakati wa kiangazi. Mwaka 1995 ikaongezeka New Pangani Falls, megawati 68, iliyojengwa kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini. Kwa hiyo ufunguo wa bwawa uliwekwa mikononi mwa umeme. Kwa nchi changa iliyokuwa na vituo vichache vya kufua umeme, uamuzi huo ulikuwa na akili, wala sina ugomvi na waliolijenga.

Nchi imebadilika tangu hapo. Jumlisheni Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani Falls: megawati 97. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo mmoja tu wa Rufiji unazidi vituo vyote vitatu vya Pangani kwa zaidi ya mara mbili. Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu la haki: umeme wa Rufiji unasafiri mbali kufika Kilimanjaro na Arusha, sehemu yake inapotea njiani, na kituo kilicho karibu kinasaidia kuimarisha nguvu ya umeme huku kaskazini. Ndiyo maana siombi mitambo ya Pangani izimwe. Naomba isiendelee kuwa ya kwanza mezani, kwa sababu ile hali iliyoiweka hapo imepita.

Wala sheria haijaiweka hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo ninyi Bodi ndio mnaoisimamia katika bonde hili, imepanga foleni waziwazi: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, halafu ndipo yafuate matumizi mengine ya kiuchumi kwa jinsi maji yanavyotosha. Umeme uko katika kundi hilo la tatu, pamoja na umwagiliaji na viwanda. Ninachoomba kwa hiyo ni utaratibu wa kufungua maji ufanane na maandishi ya sheria.

Maji ya nyumbani siku hizi si jambo la kufikirika pale bwawani. Mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, uliosubiriwa tangu ujenzi ulipoanza mwaka 2014, ulizinduliwa Machi 2025, na chanzo chake ni bwawa hili hili. Wilaya za Mwanga na Same zimekaa chini ya milima ya Upare kwenye ukanda mkavu, ambako kwa miaka mingi dumu la maji lilinunuliwa kwa bei ambayo mtu wa Moshi mjini hawezi kuiamini. Leo mabomba yanavuta kutoka Nyumba ya Mungu. Ina maana kina cha bwawa kikishuka sana katika mwaka wa ukame, anayeathirika si mtambo peke yake. Maji machache yaliyobaki huwa na tope na majani zaidi, kuyasafisha kunahitaji dawa nyingi zaidi, na gharama inamfikia mlipa bili. Bodi haina budi kulipima jambo hili kabla mwaka wa ukame haujatukuta.

Niwaombe sasa mnivumilie nikae kidogo kwenye habari ya samaki, maana hapo ndipo ninapoona tumekoseana haki.

Mwaka 1970, miaka michache tu baada ya bwawa kujaa, samaki waliovuliwa walifikia karibu tani 28,000 kwa mwaka. Kambi za uvuvi zilizuka nyikani zikawa vijiji, na watu walikuja kutoka mbali kutafuta riziki. Chanzo cha neema ile kinajulikana: ardhi iliyozamishwa ilikuwa na nyasi, vichaka na samadi ya mifugo ya miaka mingi, na vyote vilipooza majini vikawa chakula. Mabwawa mapya mengi duniani hupitia kipindi hicho cha wingi, na chakula kile kikiisha samaki hupungua. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliokuja kulichunguza bwawa mwaka 1974 walikuta mavuno yameshaporomoka. Hayajapata kurudi yalikokuwa.

Tangu wakati huo lawama imekuwa ikimwendea mvuvi. Kokoro. Nyavu za matundu madogo. Vyandarua. Makosa hayo yapo, na yeyote aliyeona kokoro likivutwa ufukweni likiwa limejaa vifaranga vya perege wenye urefu wa kidole hawezi kuyatetea. Kokoro linastahili kukamatwa. Lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili iko kwenye geti la kufungulia maji.

Fikirini namna perege anavyozaa. Dume huchimba kiota kwenye mchanga, penye kina kifupi kando ya ziwa. Jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga anapowaachia huwapeleka kwenye majani ya kandokando ambako samaki wakubwa hawawafikii kwa urahisi. Uzazi wote huo unategemea ule ukanda mwembamba wa ukingoni. Sasa angalieni umbo la bwawa letu. Likijaa lina maji yanayokadiriwa mita za ujazo bilioni 1.1, yametandazwa juu ya eneo la kilomita za mraba 140 au zaidi. Gawanya, na wastani wa kina haufiki mita 8. Ni ziwa pana lililolala kama sinia. Maji yakishuka mita moja tu, ukingo haurudi nyuma hatua moja. Sehemu nyingine unaacha tambarare kubwa ya matope, na viota na majani yote ya malezi yanabaki juani. Mvuvi mwenye wavu halali wa matundu makubwa, anayelipia leseni yake, hawezi kufanya lolote dhidi ya hilo.

Na hawa samaki ni mali ya bonde hili. Kuna perege wawili waliopewa majina ya kisayansi kwa kufuata Ziwa Jipe na mto Pangani, na duniani kote makazi yao ya asili ni maji ya bonde hili tu. Wakipotea hapa hakuna ziwa jingine la kwenda kuchukua mbegu.

Zaidi ya mara moja bwawa limefungwa kwa uvuvi ili samaki wapumzike wazaane. Wavuvi wamekaa ufukweni, mitumbwi imepinduliwa, wachuuzi wanawake waliokuwa wakipeleka samaki wa kukaanga na wa kubanika Moshi na Arusha wamekosa mtaji, watoto wamerudishwa kutoka shule kwa michango. Wengi waliikubali adhabu hiyo kwa matumaini ya kesho. Lakini sijapata kusikia tangazo la kufunga uvuvi lililoambatana na ahadi kwamba katika miezi hiyo hiyo kina cha maji hakitashushwa ghafla. Tunamzuia mvuvi asiingie ziwani ili samaki azae, halafu tunaacha uwezekano wa kumwondolea samaki mwenyewe mahali pa kuzalia. Safari nyingine mkikubaliana na idara za uvuvi kulifunga bwawa, tafadhali wekeni ahadi hizo mbili kwenye karatasi moja.

Ubapa wa ziwa hili unazaa tatizo jingine ambalo naona linazungumzwa kidogo mno. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bwawa. Swali la mkulima ni rahisi: mita 60 kutoka wapi? Katika mwaka wa ukame maji yanapokwenda mbali, ardhi yenye rutuba hubaki wazi, na watu hupanda mahindi, nyanya na matikiti wakifuata unyevu. Mvua kubwa zikirudi, maji nayo hurudi mahali pake, na shamba linakuwa chini ya maji, na wakati mwingine nyumba pia. Anayepoteza huambiwa alivamia bwawa. Huenda alivamia. Lakini hakuwekewa alama ya kumwonyesha. Wekeni vigingi vya zege kwenye mstari wa maji ya juu kabisa, kuzunguka bwawa lote, Mwanga, Moshi Vijijini na Simanjiro, vipakwe rangi na viongozi wa vijiji wavitambue. Baada ya hapo mita 60 zitapimika, na mfugaji na mkulima watajua pa kupitisha ng'ombe kwenda kunywa bila kukanyagana. Ugomvi mwingi wa ukingoni unatokana na mpaka usioonekana.

Chini ya tuta nako kuna watu. Zamani, kabla ya bwawa, mafuriko ya masika yalitanuka katika kinamasi cha Kirua, yakaacha samaki, malisho na udongo mpya. Bwawa lilipoanza kuushika mto, mafuriko ya kawaida yalikoma na kinamasi kikanywea. Kule mwisho kabisa, Pangani mjini, mto ukiwa dhaifu bahari hupanda ndani yake. Chumvi inawafikia wenye mashamba na visima kandokando ya mto mbali zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Tathmini ya maji ya mazingira ya mto huu ilikwishafanywa katika bonde letu kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, tena kwa kina kuliko mito mingi ya Afrika Mashariki. Hatuanzi kwenye giza. Kilichobaki ni kuutoa ushauri wa aina hiyo kabatini na kuugeuza kuwa ratiba ya kufungua maji: mwezi fulani kiasi fulani, na katika mwaka wenye mvua nzuri, mafuriko madogo ya makusudi yaachiwe yaende Kirua baada ya kuwaonya walioko njiani.

Kuhusu walioko juu ya bwawa nitasema machache, kwa sababu kila mkutano wa maji wa bonde hili huishia kuwazungumzia wao. Wachagga walichimba mifongo yao, yaani mifereji ya asili, karne nyingi kabla ya megawati, na migomba ya Kilimanjaro imelishwa nayo. Skimu ya Lower Moshi ilifunguliwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, mashamba ya miwa ya Arusha Chini ni ya zamani zaidi, na watu wa ukanda huo wameongezeka mno. Kila anayechukua ana sababu. Mifongo ya udongo inavujisha maji mengi, hilo ni kweli, na kuisakafia kungesaidia. Lakini mtu wa mlimani anapoambiwa apunguze maji kwa ajili ya bwawa ana haki ya kuuliza bwawa linayafanyia nini maji hayo. Leo jibu analopewa ni umeme. Jibu likiwa ni maji ya kunywa ya Same, samaki wa Lang'ata na mto unaofika baharini, nadhani mazungumzo yatakuwa mengine. Hata ada ya maji, ambayo wengi huilipa kwa kinyongo, ingekuwa na sura.

Nimalizie na tuta lenyewe. Limepita miaka 60. Tuta la udongo likitunzwa vizuri linaweza kuishi miaka mingi, lakini linataka jicho la kila siku: maji yanayochuruzika upande wa chini yapimwe, na ionekane kama yanatoka safi au yamebeba udongo, maana udongo ukianza kutoka ujue tuta linaliwa kutoka ndani. Miti isiachwe ikaotesha mizizi mikubwa mgongoni mwake. Mashimo ya wanyama yazibwe. Njia za mifugo zihamishwe. Zaidi ya yote, utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, uwe wazi na wenye uwezo wa kupitisha mvua za namna tunayoiona siku hizi, kwa sababu maji yakipita juu ya mgongo wa tuta la udongo yanalichimba kwa saa chache. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mji wa Derna nchini Libya ulipoteza maelfu ya watu baada ya mabwawa mawili ya aina hiyo, yaliyojengwa miaka ya 1970, kushindwa kuhimili mvua ya dhoruba moja. Wataalamu walikuwa wameonya kabla. Sisemi tuta letu liko katika hali ile. Nasema wakazi wa Kirya na vijiji vingine vilivyo chini yake hawana namna ya kujua liko katika hali gani, ilhali sheria ile ile ya 2009 ina sehemu nzima ya usalama wa mabwawa. Ripoti ya ukaguzi ikitoka, muhtasari wake ubandikwe kwenye ofisi za vijiji kwa Kiswahili cha kawaida. Na pawe na ving'ora, na namba za simu za viongozi wa vijiji zikaguliwe kila masika, ili siku maji yakifunguliwa kwa wingi mtu asiambiwe na kishindo.

Penye wengi hapaharibiki neno. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba kabla ya kiangazi kijacho muitishe mkutano Lang'ata, ukingoni kabisa mwa bwawa, siku isiyo ya gulio ili watu wapatikane. Waje TANESCO, mamlaka ya maji ya Same na Mwanga, maofisa uvuvi wa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara, jumuiya za watumiaji maji kutoka juu, vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU), wafugaji, na wajumbe wawili watatu kutoka Pangani mjini walipiwe nauli. Njooni na daftari la kina cha maji la miaka kumi iliyopita, na la maji yaliyofunguliwa kila mwezi, lisomwe mbele ya watu wote, mwezi kwa mwezi. Wavuvi wana kumbukumbu yao ya miaka hiyo: lini maji yalikimbia, lini perege walionekana kwa wingi, lini hawakuonekana. Zikiwekwa pamoja hizo mbili, kina cha chini kinaweza kupendekezwa siku hiyo hiyo, kijaribiwe misimu miwili ya kiangazi, halafu kirekebishwe kwa ushahidi.

Mbao za kuandikia kipimo hazihitaji bajeti ya wizara. Vijiji vitazitengeneza. Tunachohitaji kutoka kwenu ni namba sahihi ya wiki, kila Jumatatu asubuhi.

Nasubiri tarehe ya mkutano.

Wenu,
Mtumiaji wa maji ya Pangani